Sindano Mbili kwenye Shingo ya Kabula

Siku mliyoniaga pale maabara mlinikatia keki, mkanivisha kitenge, mkaniomba niseme maneno mawili. Nilisema mawili kweli: ahsanteni sana. Kisha nikakaa, kwa sababu wali ulikuwa unapoa. Sasa niko nyumbani Kiseke, nina kuku, nina tuta la mchicha, na asubuhi zangu zimekuwa ndefu kuliko nilivyozoea. Nimeona niwaandikie yale niliyoyabakiza siku ile. Habari za vyeo sitazigusa, kwani kila cheo kilikuja na ufunguo mwingine wa kabati na usingizi pungufu. Nitawaandikia habari za sindano, maana ukiondoa mwiko hakuna kitu nilichokishika mkononi muda mrefu kama huo.

Nilipofika hospitali kutoka chuoni, nilitegemea kupangiwa meza ya malaria kama wenzangu. Nikapelekwa chumba cha mwisho kabisa kwenye korido. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja, hadubini moja, na mzee mmoja wa Kijita aliyevaa sweta kwenye joto lile la Mwanza. Huyo ndiye Mzee Bwire, fundi wa maabara aliyekuja kunifundisha kila ninachokijua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua kushona?"

"Kidogo, mzee."

"Basi sahau. Huku sindano haitokezi upande wa pili."

Kisha akanituma sokoni nikalete papai bichi, firigisi na kipande cha ini la ng'ombe. Nikadhani nimeajiriwa kumpikia. Kumbe ndiyo darasa lenyewe. Wiki mbili nilitoboa vitu hivyo mpaka vidole vikaota sugu, na siku za mwisho alikuwa akinifunga macho kwa leso, ananipa kitu mkononi, nami nimwambie nimetoboa nini. Papai bichi linakataa kidogo kisha linakubali ghafla. Firigisi inaing'ang'ania sindano kama haitaki uondoke. Ini halisemi kitu. Mzee alikuwa anataka mkono ujue kabla ya jicho, kwa sababu ukiwa ndani ya shingo ya mtu huoni chochote. (Lile ini halikuliwa, ingawa mhudumu wetu mmoja alilipigia mahesabu hadi siku ya mwisho.)

Kazi ya chumba kile mnaijua, lakini niwaelezee wale mliotoka meza nyingine. Mtu anakuja na uvimbe: chini ya taya, nyuma ya sikio, kwenye tezi ya mate, au goita inayopanda na kushuka akimeza. Kwa nje vyote ni uvimbe. Ndani, mmoja una kifua kikuu cha matezi, wa pili ni maji tu, wa tatu ni saratani. Sindano nyembamba, ile ile ya kawaida, inaingia mara chache na kutoka na seli kidogo sana, za kutosha kupaka kwenye kioo, kutia rangi na kutazama. Kwenye goita Mzee Bwire alikataza kabisa kuvuta kwa bomba. Alisema ingiza sindano tupu, ichezeshe, seli zitapanda zenyewe. Ukivuta utapata damu tupu na lawama. Kwenye tezi lenye usaha, hapo vuta. Na jina la mgonjwa liandike kwa penseli, kwa sababu wino ukiingia kwenye spiriti unaogelea, na utabaki na vioo sita visivyo na wenyewe. Msimu wa wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kama moshi, funga madirisha kabla ya kupaka. Mguu wa mdudu chini ya hadubini una vidole na manyoya, na niliwahi kumwona mwanafunzi mmoja akijiandaa kuuandikia ripoti.

Mzee alipostaafu, chumba kikawa changu. Wagonjwa wakaniita Mama Sindano, na sikuchukia. Nilikuwa na mkono mzuri, hilo nitalisema bila kujidai. Nilikuwa pia na mdomo mkali, na hilo lazima niliseme.

Kilichonichoma ni watu kuanza kwa mganga. Mtu anavimba shingo, anapelekwa kuchanjwa: vijichale viwili, vitatu, juu ya uvimbe, halafu unasuguliwa unga wa dawa. Anakaa huko mwezi, miwili, uvimbe ukishakuwa kama embe ndipo anakuja kwetu. Niliona wengi waliochelewa hivyo, na wengine niliwaona mara moja tu. Hasira hiyo niliwamwagia waliofika. Nilikuwa nagomba hadi korido nzima inasikia. Tena ni mimi niliyeshauri kwenye fomu yetu liongezwe swali: ametumia dawa za kienyeji? Miaka ilivyokwenda, majibu ya "ndiyo" yakapungua hadi yakawa ya kutafuta, nami nikatembea kifua mbele nikiamini nimewaelimisha watu wa kanda nzima.

Kisha akaja Dokta Rehema, binti wa mjini hapa hapa, daktari wa masikio, pua na koo, kijana, mpole, na mbishi kwa sauti ya chini. Alikuja na sindano nene. Hii inamega nyama: unapiga ganzi, unaongozwa na picha ya altrasaundi ili usiguse mishipa mikubwa ya shingo, unabonyeza, inalia tak, na inatoka na kijiuzi cha nyama chembamba kama uzi wa tambi. Kijiuzi hicho kinawekwa kwenye fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, kinagandishwa kwenye nta, kinakatwa, kinatiwa rangi. Ni siku kadhaa, wakati mimi nilikuwa natoa vioo asubuhi na jibu mchana.

Sikuipenda. Nilimwambia mgonjwa amekuja kupimwa, hakuja kuchinjwa. Yeye akapendekeza tufanye jambo la maana: tuweke daftari, na kila mgonjwa aliyehitaji na kukubali, tumpime kwa sindano zote mbili, kisha jibu la upasuaji likija tulinganishe. Tulifanya hivyo muda mrefu. Kwa goita na kwa saratani iliyosambaa kutoka mdomoni kwenda kwenye matezi, sindano yangu haikuaibika, na ilikuwa rahisi na haina maumivu ya kuzungumziwa. Kwenye tezi za mate tulikaribiana. Lakini ugonjwa ulioanzia kwenye matezi yenyewe ulikuwa unanitoroka. Dokta Rehema alinieleza vizuri kuliko vitabu: sindano nyembamba inakumwagia punje za mahindi mezani. Utajua ni mahindi, hutajua zilivyopangwa kwenye gunzi, na kuna magonjwa yanayotambulika kwa mpangilio tu. Nilimwelewa. Kukubali ni jambo jingine.

Kabula aliingia asubuhi moja ya masika. Alikuwa mkulima wa mpunga kutoka vijijini Magu, miaka ishirini na kidogo, na mtoto wake wa kike Minza alikuwa mgongoni, hajafikisha mwaka. Mama mkwe wake alimfuata nyuma na kukaa karibu na mlango. Uvimbe ulikuwa upande wa kushoto, juu kidogo ya mtulinga. Alikuwa amekonda na usiku analowa jasho. Aliponiondolea skafu niliona alama nyeusi ndogo juu ya uvimbe, zimepona, zinang'aa. Nyie mnatujua watu wa huku: nusu yetu tuna chale za utotoni, mimi mwenyewe ninazo kifuani, na hazina maana yoyote kwa maabara. Nikazipita. Nikauliza maswali ya fomu, nikajaza, nikatafuta mahali palipo laini, nikatoboa hapo katikati ya alama. Sindano ikateleza. Kikatoka kitu kama usaha mzito.

Kwenye kioo kulikuwa na seli za maambukizi na tope la seli zilizokufa. Vijidudu vya kifua kikuu sikuviona, lakini mara nyingi havionekani. Daktari wa patholojia anayesaini majibu hamwoni mgonjwa. Anasoma kioo nilichompelekea na historia niliyoiandika. Kwa kioo kile na historia ile, aliandika kwamba yafaa kufikiria kifua kikuu cha matezi. Kliniki wakamwanzishia dawa za miezi sita.

Alirudi akiwa mwezi wa nne wa dawa, peke yake. Uvimbe ulikuwa umekua na mwingine umeota chini ya taya. Nikamuuliza mtoto yuko wapi.

"Yuko kwa bibi yake, mama mkwe, Magu mjini," alisema. "Waliposikia TB walimwachisha ziwa siku ileile. Na kikombe changu wameweka alama ya rangi."

Ilinichoma. TB ya matezi peke yake haiambukizwi kwa kikombe wala kwa kunyonyesha, na hakuna aliyekaa chini kuwaeleza. Nilifoka, kama kawaida yangu, nikiwafokea watu ambao hawakuwepo. Kabula alisubiri nimalize.

"Mama, nikimaliza dawa nitarudishiwa mtoto wangu?"

"Maliza dozi, utarudishiwa."

Nilimwahidi hivyo, kwa mdomo wangu, nikiwa nimeshika pamba. Nikatoboa tena pale pale palipo laini, na jibu likawa lile lile.

Dokta Rehema aliposoma jibu alikuja chumbani kwangu. Alitaka sindano nene. Alisema dawa za miezi minne zingekuwa zimeshaonyesha dalili, na kwamba mgonjwa asimaliziwe dozi kwa mazoea.

"Sindano imeshajibu mara mbili, dokta."

"Imejibu swali la sehemu moja, mama. Mimi naomba pembeni, pale pagumu."

"Dokta, nilikuwa natoboa shingo za watu wewe ukiwa chekechea."

Alikuwa ananiheshimu, na mimi niliitumia heshima yake vibaya. Nikaenda kliniki mwenyewe nikawaambia majibu yamelingana, na Kabula akarudishwa nyumbani akamalizie dozi. Bado naiona ile skafu yake ikikata kona ya geti.

Haikupita wiki mbili nikaumwa jino. Jino la mwisho, la chini, na shavu likavimba kama nimeficha andazi. Nikavua koti langu jeupe, nikajifunga mtandio hadi kidevuni, nikakaa kwenye benchi la nje kama watu wengine. Benchi lile linahudumia chumba cha meno na chumba cha sindano kwa pamoja. Kando yangu alikaa mama mmoja wa makamo mwenye kapu la viazi. Alinitazama shavu kwa huruma.

"Pole mwenzangu. Na wewe umeandikiwa sindano?"

Sikuweza kufungua mdomo vizuri. Nikatikisa kichwa namna ambayo angeweza kuielewa anavyotaka.

Akanisogelea. "Nikuibie siri. Kama ulichanjwa, usithubutu kumwambia yule mama wa humo ndani. Atakusema mpaka ujute kuzaliwa. Ngoja vipone, paka samli ving'ae vionekane vya zamani, funga skafu. Akikuuliza mwambie hujaenda popote. Sisi sote ndivyo tunavyofanya."

"Wote?" nilisema kwa shida.

"Wote, mwenzangu. Mpaka kule Igoma wanajua. Yule mama ana mkono mwepesi sana, sindano yake hata huisikii. Tatizo mdomo."

Nilijiona mdogo kama kidonge cha piritoni. Jino lilinyamaza kuuma, nawaambieni ukweli, kwa sababu niliona vile vichale vya Kabula vinavyong'aa kwa samli, na mimi nikitoboa katikati yake mara mbili. Unga uliosuguliwa pale ulikuwa umetengeneza usaha wake wenyewe, na mimi nilikuwa nimeupima usaha wa mganga nikaupa jina la ugonjwa mwingine. Na zile "hapana" zangu zote za miaka yote, zilizonipa kifua mbele, ni watu walikuwa wananiogopa tu.

Niliondoka kwenye benchi bila kung'oa. Namba ya simu iliyokuwa kwenye fomu ya Kabula ilikuwa ya jirani yake, na jirani alichukua siku mbili kumfikia. Siku ya tatu Kabula alikuja. Nilifunga mlango, nikakaa kwenye kile kiti kifupi cha wagonjwa, yeye nikamweka kwenye changu.

"Mwanangu, hizi chale ni za lini?"

Akatazama mlango.

"Sitagomba. Hata mimi ninazo." Nikafungua kifungo cha juu, nikamwonyesha.

Alicheka kidogo, halafu akalia. Alichanjwa mara tatu, ya mwisho wiki tatu kabla ya kuja kwangu. Mama mkwe alikuwa amemwambia wasubiri zipone kwanza.

Nilimpeleka kwa Dokta Rehema kwa miguu yangu, nikamweleza yote mbele ya mgonjwa, pamoja na habari ya benchi. Angeweza kusema "nilikuambia". Alisema, "Mama, nishikie mkono wa mgonjwa, mimi nishike altrasaundi." Akapiga ganzi pembeni, pale pagumu ambapo chale hazikufika. Tak. Kijiuzi kikaingia kwenye fomalini. Nilikaa na ile chupa siku zote za maandalizi kama mtu anayeangalia maziwa jikoni.

Ilikuwa saratani ya matezi, aina inayosikia dawa. Daktari wa patholojia alinihurumia, akasema ugonjwa huu hata bila chale hupenda kujificha ndani ya seli za maambukizi, na kwamba sindano nyembamba hukosea hapa hata mikononi mwa mabingwa. Nashukuru, na ni kweli. Lakini angejua zile seli zina chanzo kingine, angeomba kipande cha nyama tangu jibu la kwanza. Alisoma historia, na historia niliiandika mimi.

Kwa hiyo vijana wangu, mkiniuliza ipi bora kati ya sindano mbili, nitawajibu kama mtu wa maabara. Anzeni na nyembamba. Ni ya haraka, haisumbui, na kwa wengi inatosha. Ikijibu jambo lisilolingana na mgonjwa aliye mbele yenu, msiipige tena mahali pale pale mkitegemea ibadili kauli. Hameni mahali, au chukueni nene. Tezi lisilosikia dawa, mtu anayekonda, jasho la usiku: hapo msibishane na daktari kwa miaka yenu ya kazi. Na mwulizeni mgonjwa akiwa peke yake, mlango umefungwa. Nilipoanza kuuliza hivyo, "ndiyo" zilirudi kwa wingi mpaka nikaona aibu.

Kabula alitibiwa hapa hapa mjini. Nywele zilimtoka, uvimbe ukayeyuka. Mara ya mwisho kumwona kazini alikuja kliniki ya marudio, amenawiri, nywele zimeanza kuota kama za mtoto mchanga, na mchele wa Magu kwenye mfuko. Mama mkwe alikuja naye, na Minza, sasa anatembea na kuongea. Tulikaa kwenye benchi lile la nje. Nilimwambia mchele siustahili. Nikamwomba radhi, kwa miezi minne, kwa ahadi niliyompa, kwa kumrudisha nyumbani akamalizie dawa zisizo zake. Halafu nikamuuliza jambo lililokuwa likinisumbua: siku ile ya kwanza, je, angeniambia kama nisingekuwa mkali vile?

"Siku ile hukuwa mkali, mama," alisema. "Ulikuwa na haraka tu. Uliponiuliza kama nimetumia dawa za kienyeji nilifungua mdomo nikuambie. Nikaangalia chini, nikaona umeshaandika hapana."

Hapo Minza alijikwaa kwenye ukingo wa saruji, akaanguka, akaanza kulia. Kabula alikuwa karibu zaidi, akainuka, akapiga goti na kufungua mikono. Mtoto akampita akilia "mama, mama", akaenda kujificha kwenye kanga ya bibi yake.

Kabula alibaki amepiga goti kidogo, kisha akashusha mikono, akajipangusa vumbi.

"Atanizoea tu, mama," aliniambia, akanishika bega, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa.